Upande wa Mnyororo

Bi Mwanaidi alinipigia simu asubuhi, kabla sijafungua madirisha. "Dafro," akasema, "mzee wako katutoka." Hakusema mume wangu, hakusema Mzee Zuberi. Alisema mzee wako, nami nikasikia nyuma yake sufuria zikigongana na wanawake wakiulizana chumvi iko wapi. Nikampa pole kwa maneno yote ninayoyajua. Nikauliza atazikwa wapi. "Hapa hapa Kasulu," akajibu upesi, "kwani yeye ni wa wapi?" Kisha akaniomba, kwa kuwa mimi ndiye mwandishi, niandike maneno machache ya kusomwa siku ya hitima. Nilikaa mezani hadi adhuhuri. Niliandika kwamba Mzee Zuberi alinipa chumba nikiwa na miaka kumi na tisa, kwamba sikuwahi kulala na njaa nyumbani kwake, kwamba alikuwa akinisalimia kabla sijamsalimia. Yote ni kweli. Nikayafuta yote, maana ukweli huo ulikuwa umetandikwa juu ya ukweli mwingine kama mkeka juu ya shimo, na mkeka huo nimeukalia tangu mwaka 2013.

Chumba changu kilikuwa cha uani, sakafu ya saruji nyekundu, dirisha moja la wavu lililotazama jiko. Mchana nilikaa dukani kwake nikipima vitenge, jioni tulikula pamoja mkekani: wali uliopikwa kwa mawese mpaka punje zikawa nyekundu, mgebuka mkavu, pilipili iliyotwangwa na limao. Bi Mwanaidi alimwekea mumewe kichwa cha samaki, naye kila mara alikihamishia kwenye sahani yangu. "Kichwa apewe msomi," alisema, "mimi changu kinanitosha." Dukani alikuwa mtu mwingine kidogo. Wanawake wa Busunzu na Kumsenga walipoingia wakizungumza Kiha, alinyanyua mikono juu kama mtu aliyekamatwa. "Mama zangu, mimi mtu wa Ujiji, Kiha chenu sikijui. Dafro, hebu nitafsirie." Nami nikatafsiri, nikijiona wa maana. Lakini ukuta uliotenganisha chumba chao na changu ulikuwa wa matofali mabichi, na jioni, wakishajifungia, nilimsikia akimtania mkewe kwa Kirundi, haraka haraka, katikati amechomeka neno la Kifaransa, wote wawili wakicheka kicheko ambacho hawakukileta mkekani kamwe. Kirundi na Kiha ni mtu na ndugu yake. Nilielewa kila kitu. Siku moja tukichambua mchele Bi Mwanaidi aliniambia bila kuinua macho kwamba walikaa Buyenzi, Bujumbura, na kwamba mzee aliendesha malori huko miaka ishirini. "Yasitoke nje ya ungo huu," akasema. Hayakutoka. Sikuona hata kwa nini yatoke. Kwangu ilikuwa siri ndogo ya ndani, kama kujua mtu fulani hulala na soksi.

Mwaka ule wa 2013 ndio uliokuwa wa msako. Serikali iliwatafuta watu waliokaa bila vibali, na neno Mrundi, ambalo utoto wangu wote lilikuwa jina tu la watu waliokuja kutusaidia kulima, likageuka kuwa tuhuma. Watu waliozika wazazi wao katika wilaya yetu walionekana wamekaa juu ya mabegi kando ya barabara, wakisubiri gari la kuwapeleka mpakani. Jirani alianza kumsikiliza jirani. Walisikiliza namna unavyosalimia, namna unavyohesabu, unavyomwita mtoto aliye mbali. Kwa sisi Waha wa Busunzu, ambao mpaka tunauona kutoka shambani, haikuwa mzaha. Nilijifunza kuzungumza Kiswahili cha redio hata nikiwa peke yangu.

Nilichokuwa nacho cha kuniondolea mawazo ni baiskeli. Nilipewa Kibondo na muuguzi mzee wa misheni aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Ilikuwa baiskeli ya mbio, ya chuma, imetengenezwa kabla sijazaliwa: fremu nyembamba ya kijani, usukani uliojikunja kama pembe za kondoo, giya za kubadilisha kwa kijiti kilichofungwa kwenye bomba la chini. Kasulu baiskeli ni ya kubebea mikungu ya ndizi na magunia ya mkaa, kwa hiyo yangu ilionekana kama swala katikati ya punda. Vijana wa bodaboda walinipigia kelele: "Dada, umeinama hivyo, umeangusha nini?" Nami nikajibu: "Akili yako. Nikiiona nitakuletea." Fundi wangu alikuwa Papa Kilolo, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, aliyekaa kwenye baraza la duka letu siku anazopata ruhusa ya kutoka. Mzee Zuberi ndiye aliyemwombea nafasi hiyo kwa mwenyekiti wa mtaa, na ndiye aliyesema, "Huyu namjua," kila alipoulizwa. Papa Kilolo alikuwa na nyundo iliyovishwa kipande cha tyubu ili isiumize chuma, kopo la golori, na uzi mweusi wa kushonea. Rula hakuwa nayo. Alifunga uzi nyuma kwenye ekseli, akauzungusha mbele kichwani mwa fremu, akaurudisha nyuma upande wa pili, kisha akapima kwa dole gumba nafasi kati ya uzi na bomba, kushoto na kulia. Nafasi zikilingana, fremu imenyooka. "Kadre iko droite," alisema, na nilipocheka akanieleza kwamba droite kwao ni kunyooka, na ni kulia pia, na barabara za kwao na za Burundi watu hupita kulia, si kama huku. "Nilipofika, mama, nilifunga uzi hapa mkono wa kushoto mwaka muzima, nisisahau fasi ya kupita. Kichwa kinajifunza mbio. Mkono haujifunzake."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kiangazi, vumbi jekundu limekalia hata majani ya mihogo. Nilikuwa natoka mjini kuelekea Makere, nimekamata kushoto, karibu kabisa na mtaro, kama ninavyopita siku zote. Kwenye kona ya mikaratusi likatokea pikapu jeupe likija katikati ya barabara, maana katikati ndiko kwenye mashimo machache na kila dereva hupita hapo. Nikalitambua. Nikamwona Mzee Zuberi kupitia kioo cha mbele, nikaona kwamba ameniona, na kwa nusu sekunde nilikuwa na amani kabisa, kwa sababu nilijua atasogea kushoto kwake aniachie upande wangu, kama kila dereva wa nchi hii anavyofanya. Akakata kulia. Alikata kwa nguvu, kwa uhakika, kama mtu anayeniokoa, moja kwa moja hadi upande wangu. Nikazidi kujibana kwenye mtaro. Bampa likanipata upande wa mnyororo, nikaruka mtaro na kuangukia bega la kushoto shambani. Kitu cha kwanza nilichosikia baada ya mlio wa chuma ni mlango ukifunguka na sauti ya mzee ikilia, "Mana yanje! Mana yanje!" Mungu wangu, kwa lugha aliyosema haijui. Alipiga magoti kwenye matuta ya mihogo akanishika kichwa, "Umwana wanje, umwana wanje," mwanangu, mwanangu, na machozi yake yalinidondokea usoni. Mkono ulikuwa umerudi kwao, na ulimi ukaufuata.

Mfupa wa bega ulivunjika. Zahanati walinifunga kwa bendeji, Bi Mwanaidi akaongeza kanga yake juu, na kwa siku kadhaa alinilisha uji kwa kijiko ingawa mkono wa kulia ulikuwa mzima. Mzee hakuwahi kuingia chumbani kwangu hata siku moja. Alikaa kizingitini kwenye kigoda, kofia mkononi. "Mwanangu," akasema, "kosa ni langu. Macho yaliona, kichwa kilijua, mkono ukarudi kwao. Nitasema mbele ya watu. Asije mtu akakunyooshea wewe kidole." Sikuwa nimemwomba. Wakati huo sikujua kwamba nitalihitaji neno hilo. Siku mbili baadaye nikasikia mjini wanasema yule dada wa baiskeli aligongwa kwa sababu anaendesha kulia, na anayeendesha kulia ni mtu wa wapi? Nilimwambia mzee, akaguna. Jioni hiyo, ukutani, Bi Mwanaidi alisema maneno machache kwa Kirundi, bila kicheko: ukisema kulia, umesema Bujumbura. Nilingoja kusikia mzee akijibu. Nilisikia kitanda tu. Nikajiambia ananyamaza kwa sababu ameshaamua. Ndivyo nilivyokuwa naamini watu wazima: kwamba ukimya wao una uamuzi ndani yake.

Asubuhi yake alimwita Papa Kilolo. "Baiskeli ya mtoto itengenezwe wiki hii hii," akamwambia, "irudi kama ilivyokuwa. Sitaki aione hivyo." Niliposikia nililia kidogo kwa kupendwa. Papa Kilolo aliigeuza juu chini barazani, akaizunguka mara mbili bila kuigusa. Uma wa mbele ulikuwa umerudi nyuma. Pedeli ya kulia ilikuwa imepinda na kuvunjika, meno ya giya kubwa yamelala, na kuanzia pembe ya kulia ya usukani hadi kwenye bomba la nyuma kulikuwa na mstari wa rangi nyeupe ya pikapu. Upande wa kushoto ulikuwa na udongo tu. Akaniita. "Ona, mama. Mnyororo wa velo yote ya dunia uko kulia, njo vile? Gari ilikugusa huku, kwa mnyororo. Basi gari ilikuwa kulia yako, na mutaro kushoto yako. Weye ulikuwa fasi yako. Mutu akisema bongo, muletee hii velo tu." Bongo kwao ni uongo, huku ni akili, au ni Dar es Salaam, na tulishawahi kulicheka neno hilo mchana mzima. Siku hiyo hatukucheka. Alinitazama moja kwa moja, nami nikajua kwamba nina mashahidi wawili, mmoja wa chuma na mmoja wa damu.

Kisha tukakaa tukamwondoa wa chuma. Hilo ndilo ambalo nimeshindwa kulisimulia kwa miaka yote hii bila kusimama katikati. Papa Kilolo aliupasha uma kwenye jiko la mkaa, akauvuta taratibu, akapima kwa uzi, akavuta tena, mpaka dole gumba likaingia sawasawa pande zote. Meno ya giya aliyasimamisha moja moja juu ya jiwe kwa ile nyundo yenye mpira. Pedeli aliing'oa kwenye baiskeli nyingine iliyokufa. Na mimi, mkono mmoja kwenye kanga, mwingine umeshika msasa, nilisugua rangi nyeupe. Nilisugua siku mbili, kwa furaha, nikipuliza vumbi lake lililoniingia puani, nikishindana na kila doa. Tulizungumza sana. Alinisimulia mashindano ya baiskeli ya Uvira alipokuwa kijana, jinsi mshindi alivyobebwa na velo yake begani. Mzee Zuberi alitoka dukani, akasimama nyuma yangu na kikombe cha kahawa. "Safi sana, mwanangu," akasema. Akainama, akanionyesha kwa kidole chini ya bomba la nyuma, mahali ambapo mimi nisingepaona. "Hapo bado kidogo." Nikasugua na hapo. Ijumaa Papa Kilolo alipaka kijani kipya, akainyanyua kwa kidole kimoja chini ya tandiko, gurudumu likazunguka bila kutikisika. Sijapata kuona kitu kilichotengenezwa vizuri kuliko kile.

Mkutano wa mtaa uliitwa Jumapili, kwenye ua wa ofisi ya mtaa, kuhakiki nani anakaa nyumba gani na anatoka wapi. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka. Tulipofikiwa sisi, kijana mmoja wa bodaboda alisimama, yule yule wa umeangusha nini. "Mwenyekiti, kuna ile ajali ya kona ya mikaratusi. Mmoja kati yao alikuwa kulia. Sasa hapa kwetu nani anaendesha kulia? Mtu akikata kulia, si tushajua alikojifunzia?" Watu walicheka, lakini macho yao yalikuwa kwa Mzee Zuberi. Mwenyekiti akamwuliza kwa adabu, maana alikuwa mtu wa kuheshimiwa, swala zake zinajulikana na hata Wakristo wa mtaa huo walinunulia arusi zao vitenge vya dukani kwake: "Mzee wetu, tueleze." Mzee alisimama, akaiweka sawa kofia yake. Nikajiweka sawa na mimi. Nilikuwa nimeshaanza kumhurumia. Nilikuwa napanga, kabla hajafungua mdomo, jinsi nitakavyosimama kusema kwamba nimemsamehe na kwamba ni mtu mwema.

"Mimi nilikuwa kushoto kwangu," akasema. "Huyu binti ndiye alikuwa kulia. Mtoto, amekosea, nimeshamsamehe." Kisha akaongeza, kwa ile sauti yake ya utani wa dukani: "Kwao Busunzu ni pua na mdomo na ng'ambo. Sijui huko wanafuata mkono gani."

Kicheko kilikuwa kikubwa. Hata mwenyekiti alicheka, kisha akaacha kucheka, akafungua daftari lake ukurasa mpya. "Binti, hebu simama. Wewe hasa ni wa wapi?"

"Wa Busunzu. Mheshimiwa, hata yeye anajua. Itazameni baiskeli. Nimegongwa upande wa mnyororo."

Wakaenda kuileta, hatua chache tu hadi barazani. Ilipoingia uani watu walisema, "Duu!" Iling'aa. Wakaishika upande wa mnyororo, wakaigeuza, wakaishika upande wa pili. Kijana wa bodaboda alipitisha kiganja juu ya bomba la nyuma, akakitazama kiganja chake. "Dada," akasema, bila hata kebehi, "hii haijagongwa popote."

"Fundi yupo pale. Mwulizeni fundi."

Papa Kilolo alikuwa amesimama mlangoni, pembeni, kama walivyosimama watu wa kambini kila penye mkutano. Mwenyekiti akamwuliza: "Wewe, uliikuta imegongwa upande gani?" Alitazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa na kijani kwenye kucha. Akamtazama Mzee Zuberi. Mzee hakumtazama. "Chefu," akasema, "mie niliikuta imepinda tu. Velo ya zamani, inapindaka fasi yote."

Nilibaki na kitu kimoja. Nilikuwa nayo mdomoni, maneno mawili tu, yale aliyolia shambani. Kila mtu uani pale angeyaelewa, na kila mtu angekumbuka jinsi anavyonyanyua mikono kusema Kiha chenu sikijui. Ningeyasema kwa sauti yake, ningeweza kumwiga vizuri. Nikageuka upande wa wanawake. Bi Mwanaidi alikuwa ameziba mdomo wake kwa kiganja, ameuziba kwa nguvu, kana kwamba mdomo utakaofunguka ni wake. Nikakaa chini. Watu wameniambia baadaye kwamba nilifanya wema. Sijui. Nakumbuka tu kwamba mwenyekiti aliandika jina langu polepole, akaniuliza linaandikwaje, akasema nilete barua ya kijiji ndani ya wiki, vinginevyo nitahesabiwa na wale wasiojulikana.

Papa Kilolo alinifuata hadi nje. Hakuomba radhi. "Mie niko na watoto sita kule kambini," akasema. "Akisema huyu simjui, niko wapi? Weye uko na kijiji, mama." Nilimwambia asinisemeshe tena, na hakunisemesha. Nimefikiria maneno yake mara nyingi, na kila mara nayaona ni ya kweli, na kila mara nayakasirikia upya.

Kesho yake nilifunga vitu vyangu. Barua ningeipata, bibi yangu alizaliwa kijijini hapo na mwenyekiti wa kijiji alinibeba mgongoni nikiwa mtoto. Sikuogopa hilo. Nilichoogopa ni kukaa tena mkekani na kuwekewa kichwa cha samaki. Nilikuwa nakunja shuka kwa mkono mmoja na meno aliposimama kizingitini. Hakuleta kigoda. Alikuwa amezeeka kwa siku moja, au labda ndivyo nilivyotaka kumwona. Aliangalia begi, akaangalia bega langu, na Kiswahili chake chote, kile cha Ujiji, cha dukani, cha msikitini, kikamkimbia. Akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Umbabarire."

Nisamehe. Kwetu pia tunasema hivyo. Bibi yangu aliniambia hivyo aliponiumiza akinisuka. Nilikuwa sijawahi kumsikia mzee akinisemesha mimi lugha hiyo, mimi mwenyewe, tukitazamana; ilikuwa imebaki ya kupita ukutani. Najua sasa kwamba alinipa kitu cha pekee alichokuwa nacho cha kunipa, kile ambacho angenyang'anywa kila kitu kwa ajili yake. Nafikiri hata siku ile nilijua.

"Mzee," nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya uzio, "lugha hiyo mimi siijui. Ni ya wapi?"

Hakunitazama. Aligeuka kwanza kutazama uzio, kuona kama jirani yuko uani. Nilifurahi. Nikachukua begi, nikaisukuma baiskeli, nikampita.